Machela Pasipo na Miti: Lala Palipoinuka, Usiufuate Mti Kwenye Laga

Mgeni anayefika uwanda wa Turkana jioni akiwa na machela yake hukabiliwa na swali moja: ataifunga wapi? Mbele yake kuna mchanga, kokoto na mawe meusi ya volkano. Kichaka kirefu kuliko vyote kinamfikia kiunoni. Kisha anaona, umbali wa nusu kilomita hivi, mstari wa kijani wa migunga na mikoma. Anafurahi, anauendea, anafunga kamba zake na kulala. Asichojua ni kwamba amelala ndani ya njia ya maji. Mstari ule ni laga.

Somo hili limeandaliwa kwa waongoza watalii, wenye kambi, walimu, vijana wa skauti na kila mkazi anayepokea wageni. Ujumbe wake ni mmoja. Katika nchi kavu, mti mkubwa husimama mahali maji yanapopita. Anayetaka kulala kwenye machela na aje na nguzo zake, alale palipoinuka. Akikosa nguzo, alale chini.

Machela ilikotoka

Machela ni kitanda cha kitambaa au wavu kinachoning'inizwa kwa kamba mbili, moja kichwani na nyingine miguuni. Wengine hukiita kitanda cha bembea. Waspania waliofika visiwa vya Karibi na Columbus mwaka wa 1492 waliwakuta wenyeji wakilala hivyo, wakaiga. Baadaye mabaharia wa Ulaya walilala kwenye machela kwa karne nyingi, wakizifunga kwenye boriti za meli. Baharini hakuna mti hata mmoja, lakini palikuwa na kitu imara cha kufungia.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Turkana uko Amerika Kusini. Jamii ya Wayuu huishi katika rasi ya La Guajira, eneo kame linalogawanywa na mpaka wa Kolombia na Venezuela. Wayuu hufuga mbuzi, na ardhi yao ina upepo mwingi na miti michache. Hata hivyo, machela ndiyo kitanda chao cha kila siku. Husimika nguzo ardhini, wakaweka paa jepesi lisilo na kuta, kisha wakafunga machela kati ya nguzo hizo. Kivuli cha mchana huwa ndicho chumba cha kulala usiku.

Faida zake zinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulala Lodwar au Kalokol wakati wa joto. Hewa hupita chini na juu ya mwili. Mchanga wenye joto haumgusi mtu. Nge na nyoka watambaao hawamfikii kwa urahisi. Chandarua nacho hufungwa juu yake bila shida.

Kwa nini laga ni hatari

Laga hukaa kavu kwa wiki au miezi. Mchanga wake ni laini, kivuli chake ni kizuri, na mgeni huuona kuwa uwanja uliotengenezwa kwa ajili ya kambi. Lakini miti hiyo imeota pale kwa sababu maji hupita pale, juu ya mchanga au chini yake.

Mvua inayojaza laga si lazima inyeshe mahali mtu alipolala. Huenda ikanyesha milimani, mbali sana, huku juu ya kambi nyota zikiwaka. Ardhi kavu na ngumu hainywi maji haraka, kwa hiyo maji hukusanyika na kuteremka kwa kasi yakibeba magogo na mawe. Wakazi wa Lodwar wanaijua tabia hiyo kutokana na laga ya Kawalase.

Nguvu ya maji hayo hudharauliwa. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanaweza kuyabeba magari mengi. Aliyelala kwenye machela ana shida ya ziada: amefunikwa kwa chandarua, viatu viko chini, tochi haijulikani iliko, na njia ya kutoka ni ile ile ambayo maji yanaijaza.

Dalili za njia ya mafuriko husomeka mchana. Mgeni aangalie takataka na matawi makavu yaliyonasa kwenye vigogo. Aangalie mizizi iliyoachwa wazi na kingo zilizomegwa. Alama ya juu kabisa aionayo ndiyo kimo ambacho maji yamewahi kufika, na yanaweza kukipita. Kambi iwe juu ya ukingo, si katikati, wala si kwenye kisiwa cha mchanga kilicho ndani ya laga. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, tahadhari hiyo iongezwe maradufu. Kabla ya kila kitu, mgeni amuulize mfugaji wa eneo hilo maji hufika wapi. Hakuna ramani inayoshinda jibu lake.

Mti una mwenyewe

Kuna sababu nyingine ya kutoufuata mti. Kando ya mito na laga za Turkana, miti mingi iko chini ya ekwar, utaratibu wa jadi unaoipa familia haki ya kutumia miti ya sehemu fulani ya ukingo. Mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, hudondosha maganda ambayo ni lishe ya mbuzi wakati wa kiangazi. Kamba nyembamba inayokata gome la mti huo, au tawi linalokatwa ili kuni zipatikane, ni hasara kwa mwenye mifugo. Mgeni anayetaka kufunga chochote kwenye mti ulio juu ya ukingo salama aombe ruhusa kwanza, atumie mkanda mpana badala ya kamba nyembamba, na aondoke bila kuacha alama.

Hesabu ambayo kila mwenye machela anapaswa kuijua

Watu wengi hufikiri kwamba mtu wa kilo 70 huvuta kila kamba kwa kilo 35, yaani nusu ya uzito wake. Sivyo. Kamba zinavuta kwa mshazari, na kadiri zinavyokazwa na kulala sawa na ardhi, ndivyo mvuto unavyoongezeka. Kwa mtu wa kilo 70 aliyetulia, kila kamba hubeba mvuto ufuatao, ukipimwa kulingana na pembe kati ya kamba na mstari ulio sawa na ardhi:

Digrii 45: karibu kilo 50
Digrii 30: kilo 70
Digrii 15: karibu kilo 135
Digrii 10: karibu kilo 200
Digrii 5: karibu kilo 400

Hapo ndipo makosa mengi huanzia. Mtu huona machela imelegea, anaikaza iwe kama kitanda cha mbao, na bila kujua anazivuta nguzo zake kwa nguvu ya mara tano au sita ya uzito wake. Nguzo ikianguka, kosa halikuwa uzito wa mlalaji. Kosa lilikuwa pembe ya kamba.

Pembe inayofaa ni digrii 30, na haihitaji kifaa cha kupimia. Apime mita 1 kwenye kamba kuanzia ilipofungwa. Mwisho wa mita hiyo uwe chini kwa sentimita 50 kuliko pale ilipofungwa. Ikiwa umeshuka chini ya sentimita 50, kamba imekazwa mno, ailegeze. Machela ikishaning'inia vizuri hufanana na tabasamu. Mlalaji hujilaza kwa mshazari kidogo, na mgongo wake hunyooka.

Njia nne za kuning'inia pasipo na mti

Njia ya kwanza: magari. Magari mawili yaliyoegeshwa kwa umbali wa mita 4 hadi 5 yanatosha. Kamba ifungwe kwenye fremu ya keria iliyokazwa kwa boliti, au sehemu nyingine ya chuma iliyoungana na bodi. Isifungwe kwenye kioo cha pembeni, mkono wa mlango au bomba jembamba la keria. Injini izimwe, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila harufu. Gari liwekwe gia, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Ufunguo ukae na mlalaji mwenyewe. Dereva anayeamka alfajiri na kuondoa gari huku mwenzake bado amening'inia atasababisha ajali, na hatakuwa amekusudia ubaya wowote.

Njia ya pili: mwamba. Penye miamba mikubwa iliyozama ardhini, mkanda mpana unaweza kuzungushwa kwenye jiwe zima. Jiwe lisilotikisika hata likisukumwa na watu watatu ndilo la kuaminiwa. Mahali mkanda unapogusa ukingo mkali pawekwe gunia lililokunjwa, maana jiwe la volkano hukata kama msumeno. Mkanda usiweze kuteleza na kuchomoka juu ya jiwe.

Njia ya tatu: nguzo na nanga. Hii ndiyo njia ya nchi isiyo na mti wala mwamba, na ndiyo inayofaa kambi nyingi. Vinahitajika nguzo mbili imara zenye urefu wa mita 2 hivi, za bomba la chuma au mbao nene, kamba ya manila iliyo nzima, magunia manne matupu na beleshi.

Kila nguzo husimama juu ya kibao au jiwe bapa ili isizame mchangani. Kamba ya machela hufungwa juu ya nguzo. Kutoka hapo, kamba mbili nyingine hushuka upande wa nje hadi kwenye nanga mbili ardhini, zikiachana kama herufi V ili nguzo isianguke kulia wala kushoto. Nguzo yenyewe hubeba mzigo kwenda chini tu. Kazi ya kuzuia mvuto wa pembeni ni ya nanga.

Umbali wa nanga ni muhimu kama kina chake. Tuseme mlalaji ana kilo 70 na kamba ya machela iko kwenye digrii 30. Nanga za upande mmoja zikiwa umbali sawa na urefu wa nguzo, huvutwa kwenda juu kwa karibu kilo 60 kwa pamoja. Zikisogezwa umbali huo mara mbili, mvuto wa kwenda juu hushuka hadi karibu kilo 30. Nguzo ya mita 2, basi, nanga zake ziwe mita 4 kutoka ilipo. Nafasi si tatizo uwandani.

Kigingi cha hema hakifai katika mchanga. Kitachomoka mtu akikaa tu. Nanga ya mchanga huzikwa. Gunia hujazwa mchanga, likafungwa kamba katikati, kisha likalazwa ndani ya shimo la kina cha sentimita 60 hivi, likiwa limekingama na upande kamba inakovutwa. Badala ya gunia, gogo la mathenge lenye urefu wa hatua moja linafaa, na mathenge si haba katika kaunti hii. Mfereji mwembamba uchimbwe kutoka shimoni kuelekea kwenye nguzo ili kamba inyooke bila kupinda ukingoni. Mwishowe shimo hufukiwa na kushindiliwa kwa miguu, tabaka moja baada ya jingine. Juu yake mawe yarundikwe kama yapo.

Njia ya nne: ardhi. Ikiwa njia tatu za kwanza hazipatikani, machela itandikwe chini juu ya turubai na mkeka. Hii si aibu. Wazee wa Turkana wamelala ardhini vizazi na vizazi, ngozi chini na ekicholong ikiinua kichwa. Chandarua kinaweza kushikiliwa na fimbo mbili fupi na kupachikwa chini ya mkeka pande zote. Mawe yaliyo karibu yaondolewe kwa fimbo na si kwa mkono mtupu, kwa kuwa nge hujificha chini yake. Viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa.

Pasipofungwa machela kamwe

Nguzo za umeme na milingoti ya simu, hata kama zinaonekana imara.

Nguzo za matofali au mawe zilizosimama peke yake, kama zile za lango au jengo ambalo halijakamilika. Nguzo hizo hujengwa kubeba uzito kutoka juu, si kuvutwa pembeni. Nchini Marekani watu wamekufa baada ya nguzo ya matofali kuwaangukia wakiwa ndani ya machela.

Magoli ya uwanja wa shule ambayo hayakuzikwa ardhini. Huanguka kifudifudi, na uzito wake humwangukia aliye chini.

Minara ya matangi ya maji na fremu za sola za kisima. Chuma kikipinda, mtu mmoja amelala vizuri usiku mmoja na kijiji kizima kinakosa maji.

Mkao wa upepo na ziwa

Upepo wa Turkana hauna mzaha. Hewa hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ikapita kwa kasi katika bonde la ziwa, na mara nyingi huzidi nguvu usiku na alfajiri. Jioni tulivu isimdanganye mtu. Machela ielekezwe sambamba na upepo, ncha moja ikiupokea, ili isigeuke tanga. Ikiwa gari lipo, liegeshwe upande unaotoka upepo. Turubai la juu lishushwe au liondolewe kabisa kama hakuna dalili ya mvua, kwa kuwa turubai huongeza mvuto mkubwa kwenye nguzo.

Wanaopiga kambi karibu na Ziwa Turkana wakae mbali na maji. Ziwa lina mamba wengi, na machela iliyo futi mbili juu ya mchanga haimzuii mamba. Wenyeji wa ufuo huo waulizwe mahali salama.

Kabla ya kulala: hatua tano

1. Kagua kamba yote kwa vidole. Kamba iliyopauka kwa jua, iliyokauka au yenye nyuzi zilizokatika itupwe. Iwe kamba inayoweza kubeba angalau mara tano ya uzito wa mlalaji.

2. Pima pembe: mita 1 ya kamba, sentimita 50 kushuka.

3. Hakikisha kiti cha machela, mtu akiwa ndani, hakizidi kimo cha goti. Chini pasiwe na jiwe, kisiki wala moto.

4. Ukiwa umesimama, ning'iniza uzito wako kwenye machela polepole kwa mikono, kisha kaa, kisha tikisika kidogo. Mwenzako aangalie nguzo na nanga. Nanga ikisogea hata kidogo, zika upya.

5. Weka viatu, tochi na simu mahali mkono unapofika gizani. Waonyeshe wenzako njia ya kukimbilia palipoinuka.

Watoto wasiachwe kuifanya machela bembea. Mtu anayeruka au kupembea huongeza mvuto kupita hesabu iliyotolewa hapa.

Asubuhi, nanga zifukuliwe na kila shimo lifukiwe. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa ngamia, punda au mtoto, na bodaboda aendaye usiku hatalionа. Magunia yarudi nyumbani na mwenyewe.

Maswali ya kujadili shuleni na vikundini

1. Mtu wa kilo 70 amekaza machela hadi digrii 10. Kila kamba inavutwa kwa kilo ngapi? Afanye nini?

2. Taja dalili tatu zinazoonyesha kwamba maji hupita mahali fulani hata kama pamekauka.

3. Kwa nini nanga iliyo mbali na nguzo hushikilia vizuri kuliko iliyo karibu?

4. Katika kijiji chenu, ni nani wenye haki juu ya miti ya ukingo wa laga, na mgeni amwone nani kwanza?

Mkazi anayemwona mgeni akifunga machela ndani ya laga asimpite kimya. Amsalimie, amwonyeshe alama ya maji kwenye vigogo, na amwelekeze palipoinuka. Maji yakishawafikia watu, msaada uombwe mara moja kwa nambari 999 au 112, au kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kupitia 1199, bila malipo.